Afisa Vipimo Mtarajiwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeokoka! Kwenye ukuta wa posta kuna tangazo la kazi serikalini. Afisa Vipimo Daraja la Pili, nafasi saba, shahada ya fani yoyote, mafunzo kazini. Fani yoyote ndiyo hasa fani yangu. Nimepiga picha kwa simu. Chini kulikuwa na orodha ndefu ya majukumu, sikuisoma. Majukumu mtu huambiwa akishaajiriwa. Kuyasoma mapema ni kujivunja moyo bure.

Afisa Vipimo! Yaani hospitali! Koti jeupe, darubini, kachumba kenye feni. Watu wanapanga foleni kuniletea damu zao, nami nawaambia waje kesho, majibu hayajatoka. Kazi hii nimeumbiwa. Damu inanitia kizunguzungu kidogo, lakini nadhani afisa hashiki mwenyewe. Afisa anatia saini.

Na imekuja wakati wake. Jana shemeji, mume wa dada yangu ninayeishi naye, alitangaza kwamba mama yake anahamia hapa mwisho wa mwezi, na chumba atakachokaa ni hiki changu. Nikipata kazi kabla ya hapo, atanitafutia pa kupanga. Nisipopata, nirudi kwa mama. Kwa mama! Mama ambaye tangu nimalize chuo anawaambia majirani kwamba niko serikalini. Anawaambia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Siwezi kutokea pale na begi mgongoni na uso huu. Nitaanzia wapi?

Shemeji ana bucha kwenye kona ya mtaa. Watu wanamwita Mia Tisa, kwa sababu kilo yake ya nyama haijawahi kufika gramu elfu. Mwenyewe anadhani ni jina la heshima.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Balaa. Miwani amejua.

Miwani amepanga chumba cha uani, mkabala na dirisha langu. Tulisoma chuo kimoja. Yeye alikuwa anakaa mbele, mimi nilikuwa nakaa karibu na mlango. Ana tabia mbaya ya kusoma kila kilichoandikwa, hata maneno ya kwenye pakiti ya chumvi. Leo amenikuta natoa nakala za vyeti. Akauliza naomba kazi gani. Ulimi ukateleza, nikamtajia. Akauliza Afisa Vipimo anafanya nini hasa.

Hapo akili yangu ikachemka. Nikavuta uso wa huzuni. Nikamwambia ni kazi ya hovyo kabisa. Kuzunguka sokoni juani kukagua mizani na mawe ya kilo. Kupekua mabucha. Kugombana na watu wenye visu. Kuchungulia pampu za mafuta. Wallahi sijui uongo ule niliutoa wapi! Ulitoka wenyewe, umenona, hadi na mawe ya kilo ndani yake. Nikamaliza kwa kumwambia mtu wa akili zake asijidhalilishe.

Akanishukuru sana. Akasema bila mimi asingejua.

Jioni nimemwona anarudi na kitabu kinene kuhusu mizani. Anaomba! Anataka kwenda kugombana na wenye visu! Nimecheka hadi dada akagonga ukuta. Acha asome. Siku ya usaili atawahutubia madaktari habari za mawe ya kilo, nami nitakuwa nje na koti langu, namwonea huruma.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Maombi nimeyapeleka. Sasa ni mazoezi. Nimeazima kitabu cha nesi wa zahanati. Nimesoma ukurasa wa damu nikalazimika kulala chini. Nimeruka nikaenda kwenye mkojo. Huo ninaumudu.

Leo nimegawa viberiti vitupu kwa watu wa nyumbani na kuomba sampuli ya choo. Dada amenirushia mwiko. Shemeji yeye hakuwa anasikiliza, akasikia tu neno sampuli, akatia kiberiti mfukoni akaenda nacho buchani. Jioni amenirudishia kimejaa. Nimekaa nacho dirishani, nimekichunguza kwa makini, nimeandika kwamba hali ya mgonjwa ni mbaya sana na ndugu waandaliwe kisaikolojia. Halafu nikagundua ni maini. Alidhani nataka kuonja mzigo wa leo.

Lakini kuna jambo. Wakati wa chakula nilitaja kwamba naomba kazi ya vipimo. Kijiko kikamdondoka shemeji. Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama nina hakika ni vipimo. Nikasema ndiyo. Akauliza wakishatuajiri tutaanza na mtaa gani. Nikasema popote penye dalili. Akanywa maji. Akajaza tena, akanywa.

Nimeelewa! Anaumwa, na anajua anaumwa. Hata suruali siku hizi anaishikilia kwa mkono. Dada anasema anakonda kwa mawazo ya ujio wa mama yake. Dada hajasoma kitabu cha nesi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Maajabu. Shemeji ananiita shemeji yangu kipenzi. Jana paja, leo mbavu, zote kwenye sahani yangu. Dada ametazama sahani yake, akatazama yangu. Shemeji amesema nikipata ile kazi chumba ni changu, mama yake atalala sebuleni, ni mwanamke aliyezoea shida. Akasema mambo ya vipimo sisi tutayamaliza kifamilia.

Nimemwambia asiogope, nikiwa ofisini nitampima mwenyewe, kwa siri. Karibu machozi yamtoke. Heshima ya koti jeupe hiyo, na bado sijalivaa!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mtihani wa mchujo. Ukumbi umejaa wenye shahada, kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwizi wa kuku. Miwani alikaa mbele. Hakubadilika.

Mtihani mwepesi! Eleza umuhimu wa vipimo sahihi kwa mwananchi. Nikaandika kurasa mbili kuhusu mtu aliyepimwa vibaya, akatibiwa malaria kumbe ni njaa. Taja vifaa vitatu vya kupimia. Nikataja kipimajoto, mizani ya kliniki ya watoto, na kile kijiti cha mkojo. Nini athari za vipimo visivyo sahihi? Kifo, nikaandika. Nikapigia mstari.

Miwani ametoka akisema maswali yalikuwa yale yale niliyomdokezea. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Maskini, amechanganyikiwa na mtihani. Nimempigapiga mgongoni.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Majina yametoka. Langu limo! La mwisho kabisa kwenye karatasi, lakini limo. La Miwani ni la kwanza. Nadhani wamepanga kwa urefu wa mtu.

Nimempigia mama. Nikamwambia natarajia kupandishwa cheo. Mama akapiga kelele za furaha. Akasema ametamani muda mrefu kuja kuniona ofisini, siku moja atanishtukiza. Nikamwambia ofisini kuna magonjwa ya kuambukiza. Akauliza tangu lini. Nikakata simu, nikasema mtandao.

Usiku huu sina usingizi, nasema kweli. Nimeshaona dukani suti nitakayovaa kwenye picha, nikiwa nimesimama na mama mlangoni mwa ofisi. Naitaka picha ile kuliko hata mshahara.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimeua! Usaili nimeuvunja vipande!

Mwenyekiti wa jopo ni mama wa makamo, sauti kama kengele ya shule. Kushoto kwake mzee anayesinzia. Kulia kijana anayeandika. Mwenyekiti akauliza kwa nini nataka kazi ya vipimo. Nikasema kwa sababu wananchi wanaumia kimya kimya bila kujua. Akaweka kalamu chini, akanitazama upya.

Akauliza nikipewa mtaa nitaanza na nani. Nikafikiri viini vya magonjwa vinakaa wapi, nikasema kwenye mabucha. Nikasema wenye mabucha ukiwatazama kwa nje wazima, ukiwachunguza undani wao ni uchafu mtupu. Kijana akaandika kwa kasi. Mwenyekiti akauliza mtu akikataa vipimo nafanyaje. Nikasema wawili wanamshika mikono, mmoja miguu, kazi inaendelea. Yule mzee akaamka! Akasema enzi zao ndivyo ilivyokuwa, sio siku hizi mnabembelezana.

Ndipo mwenyekiti akauliza dalili kubwa ni ipi. Nikasema kupungua uzito. Akapiga meza. Hapo hapo! akasema. Akauliza kama nimewahi kushuhudia kwa macho yangu. Nikavuta pumzi. Nikasema nyumbani kwetu kabisa. Shemeji yangu, mwenye bucha. Uzito unapungua kila wiki, mtaa mzima unajua, na vipimo hataki kuvisikia.

Mwenyekiti akauliza, taratibu, kama ninaweza kusimama na kauli hiyo dhidi ya ndugu yangu. Nikasema kwangu mimi ndugu ndiye wa kwanza kupimwa. Mzee akatoa leso. Wakaniomba ramani ya mtaa, nikawachorea, na bucha nikaizungushia duara. Serikali inayojali mgonjwa mmoja namna hii sijawahi kuiona.

Miwani aliingia baada yangu. Alikuwa na jiwe la kilo mfukoni, suruali imelalia upande mmoja.

Jioni shemeji ameuliza nimefanyaje. Nikamwambia vizuri, tena nimemtaja yeye kwa sifa zake zote. Akanikumbatia. Akasema fadhila hii hataisahau. Akanipa figo.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Naandika haya nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, uani. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi tulioshinda tuliitwa kwa mtihani wa vitendo. Nimeazima koti jeupe la kinyozi, nywele za watu zimejaa kwenye kola. Kipimajoto cha dada mfukoni. Gari la serikali likaja. Mwenyekiti akaniweka kiti cha mbele ili nielekeze njia. Mimi! Mbele! Miwani nyuma, na sanduku la mbao mapajani. Nikaelekeza kulia, nikaelekeza kushoto, tukafika mtaani kwetu. Nikapunga mkono kwa muuza mkaa. Nikapunga mkono kwa watu nisiowajua.

Tukasimama kwenye bucha. Shemeji alikuwa anamkatia mteja. Akatuona, akabadilika rangi, halafu akaniona mimi, akatulia. Akanikonyeza. Nikamkonyeza. Nikaona nisipoteze muda mbele ya wakubwa. Nikaingia ndani, nikamwambia ainue mkono. Akainua, akidhani ni mpango wetu. Nikampachika kipimajoto kwapani. Nikamshika mshipa wa mkono, nikaanza kuhesabu.

Nyuma yangu Miwani amefungua sanduku. Nilitarajia sindano. Ni mawe ya kilo! Ya shaba, yanang'aa, yamepangwa kwenye kitambaa. Mwenyekiti akachukua la kilo moja akaliweka kwenye mizani ya shemeji. Mshale ukafika kilo. Haukusimama. Ukaendelea na safari. Mwenyekiti akapitisha mkono chini ya sahani ya mizani, akabandua kipande cha chuma.

Mteja aliyekuwa anakatiwa akasema hee! Akaanza kukumbuka kwa sauti nyama zote alizowahi kununua hapa.

Mwenyekiti akanigeukia mimi wa kwanza. Akauliza, kwa hali hii, hatua inayofuata ni ipi. Nikachomoa kipimajoto. Nikasema joto lake liko sawa.

Mwenyekiti akamgeukia Miwani, na Miwani akamwaga: mizani inafungwa kwa lakiri, kielelezo kinachukuliwa, mwenye bucha anapewa hati, bucha inasimama hadi mizani ikaguliwe na kugongwa muhuri. Hakukosea hata neno. Akaongeza kwamba mambo haya yote alielekezwa mwanzo na mimi, rafiki yake, na bila mimi asingekuwa hapa. Alisema kwa moyo mweupe. Nilitamani kumtia mawe yote manane mdomoni.

Nikatoka nje kupata hewa. Nikaliona gari. Kwenye mlango niliopandia na kushukia kumechorwa mizani. Kubwa. Ya rangi ya njano.

Mwenyekiti akamwambia shemeji, mbele ya mtaa mzima, ajivunie kuwa na kijana mwadilifu ndani ya nyumba, aliyemtaja mwenyewe bila kulazimishwa. Kisha akaniita pembeni. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona uadilifu kama wangu. Lakini kazi hanipi. Akanishauri nipitie hospitali, kwa sababu mimi ndiye ninayehitaji vipimo.

Kosa ni la serikali. Wangeandika mizani, tungeelewana tangu mwanzo.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Shemeji hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alikuja uani na kisu cha kazi mkononi, akanitazama, akatazama kisu, akasema nina bahati kwamba siuziki kwa kilo. Akaondoka.

Begi langu lilifungwa na dada. Mashati yote ameyakunja, hata lile lenye wino. Nilimwambia mimi nilitaka kumtibu mumewe, nilidhani ni mgonjwa. Alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akakaa kitandani kwangu akalia hasa. Akasema watoto watakula nini bucha ikiwa imefungwa. Akasema yeye ndiye aliyenitetea siku zote, kila shemeji alipotaka nitoke, yeye ndiye alisema mpe muda. Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia, na chakula cha Miwani nimekiacha sahanini.

Ndiyo, niko kwa Miwani. Amenipa godoro, yeye amelala kwenye mkeka. Anakoroma kwa adabu. Kabla hajalala alinisomea maelekezo yote yaliyo nyuma ya dawa ya mbu.

Mama amepiga simu. Nikamwambia nimehamishwa kituo. Akauliza mbali? Nikachungulia dirishani, nikaona dirisha langu la zamani, na shuka za mama mkwe wa dada, aliyewahi kuja kabla ya mwisho wa mwezi, zimeshaanikwa. Nikamwambia si mbali sana.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Dada amekuja. Ameleta chakula kwenye bakuli, akakaa kwenye ukingo wa godoro, akasema shemeji amepoa. Bucha imefunguliwa, mizani mpya, muhuri unaonekana kutoka barabarani. Na jambo la ajabu: tangu kilo iwe kilo, wateja wamekuwa wengi hadi shemeji anazidiwa. Anahitaji mtu kaunta. Amesema nirudi. Nitalala sebuleni, maana chumba sasa ni cha mama yake, nitalipwa, niseme samahani tu. Mara moja, hata kwa sauti ndogo.

Nilitamani kusema ndiyo. Nilikwishafungua mdomo. Dada alikuwa ananitazama kama zamani tulipokuwa wadogo, akinishika mkono kuvuka barabara.

Lakini hajui nilichonacho! Jana nimepita posta. Tangazo jipya! Afisa Kumbukumbu Daraja la Pili. Kumbukumbu! Hii safari hakuna ubishi. Katika ukoo wetu mzima hakuna mwenye kumbukumbu kama zangu. Naweza kutaja majina ya walimu wote walionichapa, kwa mpangilio. Nimeshaanza mazoezi, nakariri namba za magari yanayopita. Tangazo linasema kituo cha kazi ni masijala. Sijui Masijala ni mji wa upande gani, ila nimemwambia dada niko tayari kuhamia, wakinipa nauli.

Dada akafunika bakuli. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama nimeshasahau yaliyotupata wiki iliyopita.

Nikamuuliza, yapi?